Nilikunywa "unga wa kulinda mayai" miezi 14. Uzi kuhusu msongo wa oksidisho, antioksidanti na uzazi wetu

Mwalimu wa Mwanga

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Kigoma mjini. Nina miaka 36, niko kwenye ndoa mwaka wa nne, na bado sijajaaliwa mtoto. Juzi binti niliyemfundisha, sasa yuko Kasulu, alinipigia simu akauliza kama auze cherehani yake anunue dozi ile ile niliyokuwa natumia mimi. Usingizi ulinipaa. Nimeona niandike yote niliyoyapitia na niliyoyasoma, mwenye kufaidika afaidike.

Kopo moja nililinunua shilingi 85,000, likiisha ndani ya mwezi. Nilinunua makopo 14. Juu yake pameandikwa kwamba ni antioksidanti asilia, zinalinda mayai na kuyahuisha. Dada aliyeniuzia aliniambia mayai yangu "yameungua". Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba maneno yake hayakuwa uongo mtupu. Ndani yake mlikuwa na sayansi ya kweli, tena sayansi ninayoisimamia ubaoni, ndiyo maana nilinasa kirahisi.

Nianze na mawese, maana huku hakuna asiyeyajua. Mawese mapya yana wekundu wake na harufu yake. Yaache kwenye dumu lililo wazi, juani, kando ya barabara ya Mwandiga, baada ya muda yanachacha. Oksijeni ya hewani imeshika mafuta, mwanga umeharakisha, na molekuli moja iliyoharibika inaiharibu jirani yake, jirani naye anamfuata mwenzake. Ndani ya seli zetu mambo ni hayo hayo. Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuchacha.

Kinachoyachachisha ni radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenza, ambazo hupora elektroni ya chembe nyingine. Nyingi tunazitengeneza wenyewe. Mitokondria, zile jiko za seli, zinapounguza chakula kwa oksijeni, sehemu ndogo ya oksijeni huponyoka njiani ikawa superoksidi, kisha hidrojeni peroksidi. Mwili haukai tu ukitazama. Una kimeng'enya cha superoksidi dismutasi kinachofanya kazi kwa zinki, shaba na manganizi, una katalasi, na una glutathioni peroksidasi inayohitaji seleni. Vitamini C na E nazo husaidia. Walinzi hawa wote ndio tunaowaita antioksidanti. Radikali zikiwazidi nguvu walinzi hao, hapo ndipo tunasema kuna msongo wa oksidisho: mafuta ya utando yanachacha, protini zinapinda, DNA inakatika.

Naendelea chini, msinikatishe kwanza.

Mwalimu wa Mwanga

Sasa twende kwenye ovari.

Mtoto wa kike akiwa tumboni, wiki ya 20 hivi, ana mayai machanga yapatayo milioni 6 hadi 7. Akizaliwa yamebaki kama milioni 1 au 2. Akivunja ungo ni kama 300,000 au 400,000, na katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni 400 hadi 500 tu. Yaliyobaki hunyauka yenyewe. Kwa hiyo yai lililotoka kwangu mwezi uliopita lilikuwemo mwilini mwangu siku mama aliponizaa. Limesubiri miaka 36.

Na limesubiri katika hali ngumu. Yai huanza kugawanya kromosomu zake, yaani vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi, kabla hatujazaliwa, kisha linasimama katikati ya kazi. Muda wote huo kromosomu zimefungwa pamoja kwa protini za kohesini, mfano wa ukili unaofunga mzigo wa kuni, na kamba hiyo haibadilishwi na mpya. Miaka inaichakaza, na oksidisho ni mojawapo ya vinavyoshukiwa kuichakaza. Kamba ikilegea, siku ya kugawana kromosomu moja huenda upande usio wake. Hii ni sababu kubwa ya mimba nyingi kuharibika mapema tunapovuka 35, na ya watoto wenye ugonjwa wa Down kuongezeka kwa kina mama wenye umri mkubwa.

Sasa, yai linakaaje miongo mitatu au minne bila kuungua na moshi wa jiko lake lenyewe? Mwaka 2022 watafiti wa Barcelona walichapisha kwenye jarida la Nature jibu lililonifanya niweke simu chini nikae kimya. Yai linalosubiri limezima sehemu ya kwanza kabisa ya mtambo wa mitokondria, sehemu ambayo ndiyo moja ya vyanzo vikuu vya radikali. Linaishi kwa nishati kidogo, lakini bila moshi. Bibi yangu alikuwa akifukia kaa la moto kwenye jivu usiku, asubuhi anapuliza linawaka. Yai linafanya hivyo hivyo. Yule dada alikuwa ananiuzia maji ya kuzima moto ambao mayai yangu yalishaufukia tangu nikiwa tumboni.

Hatari kubwa inaanza yai linapoamshwa. Katika miezi 3 hivi ya mwisho kabla ya kutoka, kifuko chake, folikoli, kinakua, na yai linazungukwa na seli za granulosa zinazolilisha kupitia vijitundu vidogo. Hizo ndizo zinazolipatia malighafi ya glutathioni, mlinzi mwingine wa seli, maana yai lenyewe ni dhaifu kuitengeneza. Oksidisho ikizidi, seli za granulosa hufa, na zikifa folikoli nzima inanyauka. Yai lililopevuka lina nakala zaidi ya 100,000 za DNA ya mitokondria, maana kiinitete siku zake za mwanzo kitaishi kwa jiko hizo hizo za mama.

Binti Ujiji

Mwalimu pole sana. Mimi niliambiwa nina "mayai mepesi" na kizazi kichafu, nikapewa cha kunywa na cha kuweka ukeni. Nimevumilia kuwashwa wiki mbili nikiambiwa uchafu unatoka. Naomba kuuliza, kama hii oksidisho ni mbaya hivyo, mbona tusinywe hizo antioksidanti tu? Si bora kuwa na walinzi wengi?

Mwalimu wa Mwanga

Binti Ujiji asante, na pole nawe mdogo wangu. Hicho cha kuweka ukeni acha leo leo. Uke unajisafisha wenyewe, na kuwashwa huko huenda ni kuungua kwa ngozi laini ya ndani.

Swali lako ndilo lililonigeuza. Ovari inazihitaji radikali huru. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwawekea panya antioksidanti kwenye ovari wakati homoni inaagiza mayai yatoke. Mayai yaliyotoka yalipungua sana. Homoni ikishatoa amri, folikoli hutengeneza radikali kwa makusudi, na hizo ndizo zinazopeleka ujumbe wa kuliachia yai. Ni panya, sitaki mtu aseme nimesema vitamini C inazuia mimba kwa binadamu, sijasema hivyo. Nasema moto huu una kazi yake jikoni, na anayetaka kuuzima wote haijui ovari.

Yai likishatoka, kifuko kilichobaki kinageuka kuwa mwili njano, unaotoa projesteroni ya kushikilia mimba changa. Unajua unjano wake unatoka wapi? Ni karotenoidi, ukoo ule ule unaoyapa mawese wekundu! Na ovari ni miongoni mwa viungo vyenye vitamini C nyingi mwilini. Mwili unaupeleka ulinzi kwa kipimo na kwa wakati.

Na vitamini E yenyewe ilivumbuliwa kwa njia ya uzazi. Mwaka 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop, kule California, waliwalisha panya chakula ambacho kilikuwa na kila kitu isipokuwa kitu fulani kilichomo kwenye majani mabichi na kiini cha ngano. Panya walishika mimba, lakini vijusi vilifia tumboni. Waliporudishiwa, walizaa. Jina lake la kitaalamu, tokoferoli, linatoka kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba uzazi. Wauzaji wanakipenda kisa hiki. Wasichokisema ni kwamba wale panya walikuwa wamenyimwa vitamini hiyo kabisa. Anayekula sombe (kisamvu) la mawese kila wiki hayuko kwenye hali ya wale panya.

Mama Riziki

Mimi nauza bidhaa za lishe hapa Kasulu na sijifichi. Wateja wangu watatu wameshika mimba wakitumia. Mwalimu usitufungie riziki kwa sababu kwako haikufanya kazi. Kila mwili na bahati yake.

Mwalimu wa Mwanga

Mama Riziki shikamoo, na sikuchukii hata kidogo. Najua una watoto wa kulisha. Nakuamini kwamba wale watatu walishika mimba. Ila nisikilize kidogo. Katika jozi 100 za wanandoa ambao mke hajafika miaka 40, zaidi ya 80 watapata mimba ndani ya mwaka wa kwanza wakikutana mara kwa mara. Kati ya waliobaki, karibu nusu watapata mwaka wa pili bila dawa yoyote. Na wateja wako wanakuja lini? Wanakuja mwaka wa pili. Hata ungewapa uji wa ulezi, baadhi yao wangekuletea kuku wa shukrani.

Ndiyo maana watafiti wanagawa watu makundi mawili, hawa wanapewa dawa, hawa wanapewa kidonge kisicho na kitu, na hakuna anayejua kapewa kipi. Jopo la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio ya kulinganisha makundi kuhusu antioksidanti na wanawake wanaochelewa kupata mimba, likachapisha mwaka 2020: majaribio 63, wanawake 7,760. Hitimisho lao ni kwamba huenda zinaongeza nafasi ya kupata mtoto, lakini ushahidi ni wa ubora wa chini hadi chini sana, na hakuna uhakika. "Huenda" hiyo nimeiweka makusudi, sitaki kuificha. Mlango haujafungwa. Kwa panya wazee, koenzaimu Q10, kemikali inayosaidia mitokondria kutoa nishati, iliboresha mayai, na kuna watu makini wanaoendelea kuichunguza kwa wanawake. Lakini kati ya "huenda" na "inahuisha mayai yako, lete 85,000" pana umbali mkubwa mama yangu.

Tabibu wa Wilaya

Mwalimu umeeleza vizuri. Mimi ni ofisa tabibu, naona kina dada wa hivi kila wiki. Naongeza machache, na moja nikurekebishe.

Umeongea kama vile ovari zote ni sawa. Mwenye endometriosisi, yaani tando za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, anavuja damu nyongani kila mwezi. Damu ina chuma, na chuma kinaigeuza hidrojeni peroksidi kuwa radikali kali kuliko zote, ya hidroksili. Kwake msongo wa oksidisho ni mkubwa kweli. Vivyo hivyo mwenye ovari zenye vifuko vingi, ambaye mara nyingi insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Hao wanahitaji tiba ya ugonjwa wenyewe, na kwa huyu wa pili akiwa mnene, kupunguza uzito hata kidogo kunaweza kurudisha upevukaji wa mayai.

La pili ni la dharura. Angalia kwenye kopo lako, vitamini A imeandikwaje? Kama ni beta-karotini, sina hofu sana. Kama ni retinoli, yaani vitamini A iliyo kamili, zaidi ya vizio (IU) 10,000 kwa siku mwanzoni mwa ujauzito inahusishwa na mtoto kuzaliwa na kasoro. Mwanamke anayetafuta mimba ndiye hasa hapaswi kuinywa kiholela, kwa sababu anaweza kuwa tayari ni mjamzito na hajajua. Anachohitaji kila siku ni asidi ya foliki, maikrogramu 400, na hiyo haigharimu 85,000.

Mwalimu wa Mwanga

Tabibu asante, nimekubali marekebisho. Nimetoka kulitazama kopo la mwisho sasa hivi, bado ninalo juu ya kabati. Limeandikwa "vitamini A, retinoli". Kiasi hakikuandikwa. Miezi 14 yote sikuwahi kusoma upande ule, mimi ninayewasisitizia wanafunzi wasome maswali mpaka mwisho.

Na kwa wale wanaosema "hata isiposaidia haidhuru": mwaka 1994 Ufini ilitangaza matokeo ya wanaume 29,133 wavutaji wa sigara. Waliopewa beta-karotini, miligramu 20 kwa siku, wakitarajiwa kukingwa saratani ya mapafu, waliipata zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Beta-karotini hiyo hiyo ya kwenye karoti na mawese, ila imetengenezwa kiwandani ikawekwa kwenye kidonge.

Bani la Urambo

Nawasalimu kutoka Tabora. Huku kwetu kilimo ni tumbaku. Mke wangu anafunga majani, anasimamia moto kwenye mabani ya kukaushia, na jikoni ni kuni. Mimi navuta, sifichi. Miaka 3 hatujapata mtoto wa pili. Je, moshi unahusika? Na je, mwanaume naye anahusika kwenye hii oksidisho au ni ya kina mama tu?

Mwalimu wa Mwanga

Kaka wa Urambo, umeuliza kwa unyoofu, Mungu akubariki. Kuhusu sigara hakuna ubishi: moshi wake unaua folikoli, na wanawake wavutaji hufikia ukomo wa hedhi mapema kwa mwaka 1 au 2 hivi kuliko wasiovuta. Moshi anaouvuta mkeo kutoka kwako nao si salama, kwa hiyo anza na huo ulio mdomoni mwako. Na anaposhika majani mabichi yenye umande avae nguo za mikono mirefu na glovu, maana nikotini hupenya kwenye ngozi, ndiyo ile kichefuchefu ya msimu wa kuvuna.

Mwanaume anahusika sana! Mbegu ya kiume utando wake una mafuta mengi yanayochacha kwa urahisi, na ndani yake hamna nafasi ya kubeba vimeng'enya vya kutosha vya ulinzi. Sigara na joto huongeza msongo huo. Habari njema ni kwamba mbegu hutengenezwa upya, kazi ya miezi miwili na nusu hivi, wakati sisi mayai yetu hayafanywi upya. Ukiacha leo, mbegu za miezi mitatu ijayo ni nyingine. Ila usikimbilie vidonge: Marekani waliwajaribu wanaume wenye tatizo la mbegu kwa mchanganyiko wa antioksidanti, matokeo yakatoka 2020, mbegu hazikuboreka kuliko za waliopewa kidonge kitupu. Nenda ukapime. Ni kikombe kimoja, majibu unayapata haraka.

Tabibu wa Wilaya

Naunga mkono, tena kwa herufi kubwa: MWANAUME APIME MWANZONI. Nakutana na kina mama waliozunguka miaka 5 na mume hajawahi kupima hata mara moja. Na kwa upande wa mke, kwetu Afrika jambo la kwanza la kutazama ni mirija. Maambukizi ya nyonga, ile mnayoita PID, kisonono na klamidia visivyotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, huacha makovu yanayoziba. Mrija ukiziba, hata yai liwe zuri namna gani halikutani na mbegu. Hakuna unga unaozibua kovu.

Mwalimu wa Mwanga

Tabibu hapo ndipo penye kidonda changu.

Kanuni inasema mjaribu mwaka mmoja ndipo mwende hospitali, lakini mke akishavuka 35, msizidishe miezi 6. Mimi nilikuwa na 34 nilipoanza makopo, na kila mwezi hedhi ilipokuja nilijiambia mayai bado yanahuishwa. Nilivuka 35 nikiwa na kijiko mkononi. Mwaka huu likizo ya Juni nilipanda treni kwenda kufanya ile eksirei ya mirija, wanayoingiza dawa ya rangi. Mrija wa kulia umeziba mwanzoni kabisa. Wa kushoto uko wazi, ila rangi ilipita kwa shida. Daktari aliniuliza kama niliwahi kuumwa sana tumbo la chini. Niliwahi, nikiwa chuo, nilimeza dawa siku tatu nikapata nafuu nikaacha. Miaka 14 imepita.

Kwa hiyo mayai niliyokuwa nayalinda kwa gharama ile hayakuwa na pa kupita, angalau upande mmoja. Nimewekwa kwenye ufuatiliaji, mume wangu kapima na yuko vizuri. Hatujakata tamaa. Ninacholilia zaidi ni ile miezi 14, fedha nitazitafuta tena.

Kijana wa Kibirizi

Pole sana mwalimu. Sasa chakula tule nini? Maana dada zetu watauliza.

Mwalimu wa Mwanga

Mdogo wangu, unakaa nacho hapo hapo mwaloni. Dagaa na migebuka vina protini ya kutengenezea glutathioni na seleni ya kile kimeng'enya. Mapera, maembe na machungwa yana vitamini C. Mawese mekundu yana karotenoidi na vitamini E nyingi, ilimradi yasichomwe mpaka yakawa meupe, kwani weupe huo maana yake karotenoidi zimeungua. Yahifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa, mbali na jua, na ukisikia yamechacha usiyapikie. Hivyo ni vyakula vya afya ya kawaida. Sisemi vinatibu ugumba, na mtu asije akanukuu uzi huu kuuzia mawese.

Binti Ujiji

Mwalimu nimesoma yote mara mbili. Jana usiku nilimsomea mume wangu ile sehemu ya kaka wa Urambo. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza kipimo cha mbegu kinafunguliwa saa ngapi. Tunaenda Jumatatu. Hiyo eksirei ya mirija mimi niifanye siku ya ngapi?

Mwalimu wa Mwanga

Alhamdulillahi mdogo wangu. Hesabu siku ya kwanza ya hedhi kuwa ni 1. Eksirei hufanywa hedhi ikiwa imekata na yai halijatoka, kwa wengi siku ya 7 hadi ya 10. Waambie mapema kuhusu ule muwasho, wakupime maambukizi kwanza, kwa sababu kukiwa na maambukizi hawataifanya mpaka utibiwe. Inauma kiasi, kama tumbo la hedhi kali, kwa dakika chache. Mwombe mumeo akusindikize.

Yule binti wa Kasulu nimeongea naye asubuhi. Cherehani bado anayo.